Kovu Wasilolitaka Wasomaji

Wiki iliyopita niliishia pale nilipofunga zipu ya begi langu, ndani yake fomu mia tatu na kitu za wasomaji wetu, nikatoka ofisini kama mtu aliyeiba kuku. Mnaonifuatilia tangu mwanzo mnajua nilichofanya. Wewe unayeanza leo, vuta kiti nikueleze kwa ufupi.

Mimi ni msanifu wa kurasa katika jarida la muziki. Ofisini wananiita Fundi. Jarida letu lilikuwa linakata roho. Nakala zilitoka kiwandani Ijumaa, na Ijumaa iliyofuata zilirudi zimefungwa kamba vilevile. Mwenye jarida akatupa toleo moja la mwisho. Likidoda na hilo, wote nane tukatafute pa kwenda.

Mhariri wetu, mama tunayemwita Kalamu Nyekundu, akaja na wazo. Safari hii tusijifanye tunajua. Tuwaulize wasomaji wenyewe wanataka kuona sura ya nani kwenye jalada. Tukaweka fomu katikati ya jarida, wajaze, wazirudishe kwa muuza magazeti wao.

Kazi ya kuhesabu akapewa Fundi.

Zaidi ya nusu waliandika jina moja: Kinubi. Mwimbaji aliyetoweka miaka minane iliyopita bila kuaga. Kuna waliosema amekufa. Kuna waliosema kaolewa ng'ambo na tajiri.

Mimi nilijua alipo. Alikuwa nyumbani kwangu, anamsuka binti yetu nywele. Kinubi ni mke wangu.

Alipasuliwa uvimbe shingoni, na sauti ikaondoka na uvimbe. Kilichobaki ni mnong'ono, na kovu linaloanzia chini ya sikio hadi juu ya kifua. Siku aliyotoka hospitali aliniapisha: "Usimwambie mtu niliko. Waache wanikumbuke na sauti yangu."

Ndiyo maana nikazificha fomu. Nikaandika hesabu za kichwani mwangu, nikampelekea Kalamu Nyekundu jina la kijana mmoja anayeitwa Msumari, anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha.

Hapo ndipo tulipoachana.

Jalada la Msumari nililimaliza siku mbili. Kalamu Nyekundu akachapisha nakala kumi za majaribio, akazipeleka kwa muuza magazeti wa kona. Mimi na mpiga picha wetu, tunayemwita Jicho, akatutuma tukasimame ng'ambo ya barabara.

"Msitazame nyuso," alisema. "Tazameni mikono. Mtu anaweza kukusifia jalada mpaka povu limtoke, lakini mkono wake ukibaki mfukoni, hujauza kitu."

Tukasimama saa nzima kwenye jua. Mtu mmoja tu alilishika jarida. Alilisogeza pembeni achukue gazeti la michezo lililokuwa chini yake.

Muuza magazeti akatuita kwa mkono.

"Fundi," akasema, "hizi fomu watu wamezijazia hapa hapa mezani kwangu. Kalamu nimewaazima mimi. Nimewaona wanachoandika. Huyu Msumari kaandikwa na nani?"

Nikacheka kicheko kikavu. "Wengi, mzee. Sehemu nyingine."

"Sehemu gani hiyo?"

Nikajifanya napanga magazeti mezani. Jicho alinitazama. Mpiga picha akikutazama namna ile, ujue anatafuta kivuli kinapoanzia.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba yangu ilikuwa fupi kiasi kile. Tuliporudi ofisini, kulikuwa na mwanamke ameketi mbele ya meza ya Kalamu Nyekundu. Mikono yake inang'aa mafuta ya nywele. Msusi, mwenye saluni yake mitaa miwili kutoka pale.

"Huyu dada," akasema Kalamu Nyekundu, taratibu, "amepita kwa muuza magazeti asubuhi, akaona jalada la Msumari. Kaja kuniuliza swali. Dada, hebu liulize tena, mbele ya huyu."

Msusi akanigeukia.

"Saluni kwangu tulijaza fomu kumi na nne," akasema. "Nilizikusanya mwenyewe, nikazibana na kibanio cha nywele. Zote kumi na nne tuliandika Kinubi. Sasa kaka yangu, nauliza tu. Zilikwenda wapi?"

Kile kibanio nilikikumbuka. Cha rangi ya waridi.

"Fundi," akasema Kalamu Nyekundu. "Fomu ziko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwako zinafanya nini?"

Maneno yalikuwepo, ila yote yalikuwa ya uongo, na ya uongo yalikuwa yameniishia.

"Kazilete," akasema. "Zote. Sasa hivi. Na ukirudi bila hizo fomu, usirudi."

Nilikwenda nyumbani nusu ninatembea, nusu ninakimbia. Nilipanga hivi: nichukue fomu, nirudishe, niseme nilikosea hesabu kwa uchovu, niombe radhi, tuweke picha ya zamani ya Kinubi kwenye jalada, mambo yaishe. Mke wangu asijue kitu. Jarida haliingii nyumbani kwetu hata hivyo. Tangu aache kuimba, nyumba yetu haina hata redio.

Nikasukuma mlango wa chumbani.

Begi langu lilikuwa juu ya kitanda, zipu wazi kama mdomo wa samaki. Mke wangu ameketi sakafuni. Fomu zimemzunguka pande zote, nyingine magotini, nyingine chini ya kitanda. Amezipanga mafungu mafungu.

"Mama Chiriku," nikasema.

Hakunitazama. Akaokota fomu moja, akaanza kuisoma kwa mnong'ono wake.

"'Mama yangu alikata roho wimbo wa Kinubi unapigwa redioni. Mpaka leo nikiusikia namuona mama anatabasamu. Kama Kinubi yu hai, mwambieni asante.'"

Akaiweka. Akachukua nyingine.

"'Kama amekufa tuambieni, tumlilie tumalize. Kama hajafa, anakula? Ana mtu?'"

"Nisikilize kwanza..."

"'Mimi ni dereva wa lori. Nina kanda yake moja, imeshakatika mara tisa, naiunga kwa gundi.'" Akaishusha fomu magotini. "Mara tisa, Baba Chiriku. Anaiunga kwa gundi."

Nikapiga magoti mbele yake. "Nilizificha kwa sababu uliniapisha. Uliniambia nisimwambie mtu."

Ndipo akainua uso. Nilitegemea machozi. Hakukuwa na machozi.

"Nilikukataza kuwaambia wao niliko," akasema. "Sikukukataza kuniambia mimi kwamba bado wapo."



"Miaka minane unafanya kazi kwenye jarida la muziki," akaendelea. Mnong'ono wake ukianza kukwaruza ujue anaumia kooni, lakini hakuacha. "Hakuna hata barua moja iliyowahi kuja kuniulizia?"

Ndugu msomaji, ningeweza kusema hapana. Yeye asingejua.

"Zilikuja," nikasema.

"Ngapi?"

"Sikuzihesabu."

"Ziko wapi?"

"Nilizichana."

Aligeuza uso, akatazama ukutani. Na mimi nitawaambia jambo ambalo siku ile sikuthubutu kumwambia. Kulikuwa na upande wangu mmoja ulioupenda ule ukimya wa miaka minane. Kinubi alipokuwa Kinubi, mimi nilikuwa mume wa mtu. Tukiingia ukumbini watu wananisukuma wamfikie, kisha wananipa mkoba wake nishike. Alipobaki Mama Chiriku, alikuwa wangu peke yangu. Nilisema namlinda. Kweli nilimlinda, kama bahili anavyolinda sanduku.

Mke wangu akanyanyuka. Akaenda mbele ya kioo. Akafungua mtandio shingoni, mtandio ambao hata mama yake mzazi hajawahi kumwona bila huo kwa miaka minane, akautupa kitandani.

"Wanataka jalada," akasema. "Watalipata."

"Mke wangu, si lazima. Kuna picha za zamani..."

"Za zamani wanazo vichwani. Nitakaa mimi, nilivyo leo. Kwa sharti moja tu." Akaweka kidole juu ya kovu. "Hili lionekane. Wanaonitaka wanichukue na yaliyonipata. Wewe ndiye unayeshika ile mashine ya kurekebisha picha. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Ahidi nini? Sema."

"Kovu litabaki."

Nikazikusanya fomu, nikarudi ofisini, nikamwaga kila kitu mezani kwa Kalamu Nyekundu: fomu, barua nilizochana, mke wangu, kila kitu. Jicho alikuwa mlangoni, akakaa chini pale pale aliposimama.

Kalamu Nyekundu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Ulipaswa kuwa nje ya geti hili sasa hivi, na mkoba wako mkononi," akasema. "Umenifanya niwatukane wasomaji wangu bila kujua. Anayekuokoa ni mkeo, na sijui kama unamstahili."

Jicho alikuja nyumbani kesho yake, saa tatu asubuhi. Alimketisha mke wangu kwenye stuli karibu na dirisha la jikoni, mwanga ukimpiga upande wa kovu. Hakumpamba, hakumwambia atabasamu. Binti yetu Chiriku, ambaye hakupewa jina hilo bure, aliuliza maswali mpaka Jicho akachoka kujibu.

"Mama anapigwa picha ya kitambulisho?"

"Hapana. Ya jarida."

"Kwa nini? Kafanya nini?"

Mke wangu akamtazama mtoto, na hapo ndipo Jicho alipobonyeza. Sura ile siwezi kuielezea. Mtu anayetaka kusema jambo kwa mtoto wake na hajui aanzie wapi. Nilipoiona kwenye kompyuta, nilijua tumepata jalada. Nikaondoa maandishi yote pembeni. Nikaacha uso, shingo, na neno moja chini: Kinubi.

Kalamu Nyekundu alilitazama, akavuta pumzi.

"Zuri," akasema. "Lakini safari hii hatukisii. Tunawaita."

Wakaitwa wasomaji kumi na wawili, wale walioandika namba za simu kwenye fomu. Walikuja siku iliyofuata, saa nne asubuhi, wakabanana kwenye mabenchi ya chumba chetu cha mikutano. Msusi alikaa mbele kabisa. Kila mmoja akapewa karatasi yenye maswali matatu: Umeona nini kwanza? Umejisikiaje? Nini kingekufanya usilichukue?

Nikafunua jalada.

Msusi akaweka kiganja mdomoni, akaanza kulia.

"Yu hai," akasema. "Jamani, yu hai!"

Mwanaume mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, akasimama kabisa. Mzee wa miwani mizito akapiga makofi peke yake. Nikamtazama Jicho, Jicho akanikonyeza. Nilijisemea, tumepona.

Nilijidanganya.

"Ni yeye," akasema fundi wa kuchomelea. "Lakini samahani. Hilo shingoni ni nini?"

Kalamu Nyekundu akawaeleza. Uvimbe, hospitali, sauti.

Furaha ikapungua chumbani kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Mama mmoja wa makamo akainua mkono. "Mimi nimemuuguza mama yangu miezi sita," akasema. "Namuonea huruma huyu dada, Mungu ni shahidi. Lakini jarida la muziki nalinunua nisahau wodi. Nikiliona hili mezani, nitapita."

"Mnatuuzia huruma," akasema kijana mmoja aliyevaa tai. "Mimi ningeona hivyo. Ningesema hawa wameishiwa."

"Mwacheni alivyo!" msusi akamaka. "Mnataka nini? Ndiye huyo!"

"Dada," akasema fundi wa kuchomelea, "wewe ni msusi. Mteja akija kwako nywele zimekatika upande mmoja, unamwacha alivyo?"

Watu wakacheka. Msusi mwenyewe akacheka huku analia. Na mimi nilicheka, mjinga mimi, kabla sijaelewa kicheko kile kinanipeleka wapi.

Karatasi zikakusanywa. Kuhesabu, hakupewa Fundi. Kalamu Nyekundu alihesabu mwenyewe, mara mbili, mbele yao wote, kwa kalamu yake nyekundu. Katika swali la tatu, watu tisa kati ya kumi na wawili walikuwa wameandika neno moja.

Kovu.

Akaniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Lifute," akasema.

"Nini?"

"Umenisikia."

"Mama, siwezi. Nimemwahidi mke wangu. Ndilo sharti lake."

"Tisa kati ya kumi na wawili, Fundi."

"Hawa hawajui wanachotaka! Wakilizoea watalipenda. Tunaweza kuwapuuza kwa hili moja tu..."

Niliona uso wake unabadilika, nikajua nimekanyaga pabaya.

"Tuwapuuze?" akasema. "Wewe, kati ya watu wote duniani, ndiye unayekuja kuniambia niwapuuze wasomaji? Mara ya kwanza uliwafunga midomo ukatia majibu yako. Sasa wamesema mbele yako, umewasikia kwa masikio yako, na bado unataka majibu yako!"

Mtu aliyeghushi kura hawezi kusimama kulalamikia matokeo.

Akapunguza sauti. "Mimi si mnyama. Ni mkeo na ni shingo yake. Nenda kamwambie walichosema. Akikubali, unafuta, tunapeleka kiwandani. Akikataa, tunaondoa picha nzima, tunarudisha Msumari wako, na tunazikana wote nane. Una mpaka saa nane mchana."

Ilikuwa saa sita na robo.

Nilitoka. Nilishuka ngazi ghorofa ya kwanza. Nikafika pale ngazi zinapokunja, penye dirisha la vioo vya vumbi, nikasimama.

Nilimwona akilini. Namwona ananisikiliza, mtandio hauko shingoni. Namwambia: wamekupenda, lakini si hivyo ulivyo. Namwona anaokota mtandio kitandani, anaufunga, na safari hii anaufunga maisha.

Mguu wangu ulikataa kushuka ngazi inayofuata.

Nitakiri mbele yenu kitu ambacho nimekiri kwa Mungu peke yake. Sikwenda nyumbani. Sikumpigia simu. Nilikaa pale kwenye ngazi, makalio yamekufa ganzi, nikisikiliza watu wakipanda na kushuka. Mfagizi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Saa saba na nusu nikapanda tena, nikaingia kwa Kalamu Nyekundu.

"Amekubali," nikasema.

"Amesema nini hasa?"

"Amesema... wasomaji ndio waliomkumbuka. Wanavyotaka wao, sawa."

Kalamu Nyekundu akanitazama. Macho yake yakalainika, na ulaini ule uliniuma kuliko matusi. "Una mke," akasema. "Kamshike miguu ukifika nyumbani."

Nikakaa kwenye mashine. Nikaivuta picha karibu, nikaivuta tena, mpaka kovu likajaa kioo chote kama barabara ya udongo. Kufuta kovu kwenye picha si kazi ngumu. Unachukua ngozi ya shavu, unaiweka shingoni. Unachukua ya bega, unaiweka chini ya sikio. Unalainisha.

Kovu lile nililiosha mimi kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni, siku arobaini na mbili. Najua lilipovuja usaha. Najua uzi wa tatu uliogoma kutoka, akaniuma mkono kwa maumivu. Yote hayo yaliondoka kwa dakika ishirini.

Jicho alikuja akasimama nyuma yangu.

"Shemeji kakubali kweli?" akauliza.

"Kakubali."

"Tuombe Mungu," akasema, akaondoka bila kuniaga.

Saa nane kasoro dakika tano nikalituma kiwandani. Wakajibu: limefika.

Nilifika nyumbani saa kumi. Njia nzima nilikuwa natunga cha kusema. Nitamwambia usiku huu. Hapana, kesho asubuhi, kabla hajaliona. Hapana, nitasema ni kosa la kiwandani, rangi imekolea.

Mlango ulikuwa wazi. Mlango wetu hauachwi wazi.

Mke wangu alikuwa sebuleni, amevaa gauni la bluu ambalo mara ya mwisho nililiona jukwaani. Shingo wazi. Nywele amesuka upya. Na kwenye kona, juu ya meza, kulikuwa na redio.

"Umetoka wapi?" nikauliza, maana nilikuwa sina swali lingine.

"Kila mahali," akanong'ona. Anatabasamu. Lile tabasamu nilikuwa nimelisahau, jino moja linatangulia mengine. "Nimekwenda dukani shingo wazi. Nimekwenda shuleni kumchukua Chiriku shingo wazi. Mwalimu wake kaniuliza imekuwaje, nikamwambia imekuwaje. Mwisho nikapita saluni."

"Saluni ipi?"

"Ya yule dada. Jina lake lilikuwa kwenye zile fomu kumi na nne. Nimeingia tu, nikakaa kwenye kiti. Kanitazama kwenye kioo, chanuo likamwanguka." Akacheka, kicheko kisicho na sauti. "Kanisuka bure. Kaniambia wasomaji wengine walilikataa kovu."

Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Kakwambia?"

"Kaniambia tisa kati ya kumi na wawili. Nimelia, Baba Chiriku, sitakuficha. Nimelia mpaka kanifunika taulo usoni. Halafu nikakumbuka." Akanishika mikono yote miwili. "Nikamwambia, usijali, aliyeshika mashine ni mume wangu. Kaniahidi. Hata wakiwa mia, hafuti."

Nikamwangalia. Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Ilikuwa wazi kama ule mlango.

"Hujafuta, si ndiyo?" akauliza.

"Sijafuta," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Sikulisukuma.

Chiriku akaja mbio kutoka chumbani, viatu mkononi.

"Baba! Mama alikuwa mwimbaji! Ulikuwa unajua? Kesho siendi shule! Kesho tunakwenda kwenye meza ya magazeti!"

"Kufanya nini?"

"Nimeongea na muuza magazeti," mke wangu akasema. "Jarida likitoka asubuhi, nitakaa pale pale, kwenye kiti, pembeni ya meza. Msusi anawaleta wateja wake wote. Anawapigia na wale tisa, namba walipeana pale ofisini kwenu. Nataka waliokataa kovu waje walitazame kwenye jalada, halafu wanitazame mimi, waniambie usoni."

"Na mimi nitashika jarida hivi," Chiriku akasema, akainua kiatu karibu na shavu la mama yake, "karibu na uso wa mama, ili watu waone ni yule yule!"

Nikasema nasikia joto, naenda kupunga upepo nje. Nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, nikapiga simu kiwandani. Nikakosea namba mara mbili.

Mpiga chapa akapokea. Nyuma yake mtambo unanguruma.

"Fundi! Jalada lako zuri. Tumeanza nalo nusu saa sasa."

"Simamisha," nikasema.

"Nini? Sikusikii!"

"Simamisha mashine! Jalada lina makosa. Nakutumia lingine sasa hivi."

Mngurumo uliendelea. Nikamsikia anatembea, anafunga mlango, kelele zikapungua.

"Kusimamisha naweza," akasema. "Lakini kuna daftari hapa, lazima niandike nani ameamuru na kwa sababu gani. Wewe si mwenye sahihi. Mwenye sahihi ni mhariri wako."

"Basi mpigie."

"Nimpigie wapi? Yuko hapa. Kaja kuangalia rangi mwenyewe, kasimama pembeni ya mtambo, amefurahi kama mtoto. Nimpe simu umweleze?"

Nikashika kamba ya nguo. Nyuma yangu mlango wa jikoni ukalia. Nikasikia nyayo zisizo na viatu, kisha mnong'ono, karibu kabisa na bega langu.

"Baba Chiriku, unamwambia nani asimamishe?"

"Haloo? Fundi?" mpiga chapa akasema sikioni. "Nimpe, au nisimpe?"